Mdogo Aseme, Mkubwa Asikie: Mwongozo Kamili wa Kujenga Usalama wa Kisaikolojia Katika Timu ya Wodi

Ni saa nane kasoro robo usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Mkunga mwenye miezi saba kazini amesimama kando ya kitanda cha sita, mkononi ameshika faili la mama aliyeletwa jioni akiwa na kifafa cha mimba. Saa nne usiku mama huyo alipewa dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, na maelekezo ya daktari yanasema dozi inayofuata ichomwe saa nane. Mkunga ameinama akautazama mfuko wa mkojo, kisha akautazama tena kwa mwanga wa simu: mililita 60 kwa saa nne nzima. Anajua, kwa kuwa alifundishwa na swali hilo akalijibu kwenye mtihani, kwamba dozi inayofuata haitolewi iwapo mkojo haufiki mililita 30 kwa saa, au pumzi zimeshuka chini ya 16 kwa dakika, au goti likigongwa mguu haustuki. Elimu anayo. Asichokuwa nacho ni uhakika wa kitakachompata akimwamsha daktari wa zamu, kwa maana juzi tu, mbele ya watu wote kwenye ripoti ya asubuhi, mwenzake aliulizwa, "Na wewe uliniamsha kwa jambo la kitoto namna ile?" Anaishika simu. Anairudisha mezani.

Mfano huu nimeushona kutokana na zamu nyingi za usiku, wala si wa hospitali moja, lakini sidhani kama kuna muuguzi atakayeusoma asimtambue mtu ndani yake. Mwongozo unaofuata nimeuandika kwa ajili ya wale wenye mamlaka ya kuubadilisha usiku huo: msimamizi wa wodi, daktari anayeongoza idara, muuguzi mkuu wa hospitali na mganga mfawidhi. Sikuuandika kwa ajili ya yule mkunga, na nimefanya hivyo makusudi. Hospitali nyingi zinapogundua kwamba watumishi wa ngazi ya chini hawasemi, huwapeleka hao hao kwenye semina ya kujiamini, kana kwamba ugonjwa uko kwao. Ukimya wao umetengenezwa na namna kazi ilivyopangwa na namna wakubwa wanavyojibu, na vyote viwili viko mikononi mwa aliye juu.

Jambo lenyewe ni nini

Usalama wa kisaikolojia ni imani ya pamoja ya watu wa timu moja kwamba mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa, kupinga au kutoa wazo bila kudhalilishwa wala kuadhibiwa kwa sababu ya kusema. Neno la kushika hapo ni "pamoja". Mtu mmoja jasiri ndani ya wodi yenye hofu haitoshi, kwa sababu siku yake ya mapumziko wodi hurudi ilikokuwa.

Aliyelifanyia jambo hili utafiti uliosomwa zaidi ni Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, na alilikuta akitafuta kitu kingine. Katika miaka ya 1990 alikuwa akichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali nchini Marekani, akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na ushirikiano zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume: timu nzuri ndizo zilizoandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akabaini kwamba huko makosa yalizungumzwa waziwazi, ilhali kwingine yalizikwa. Makala yake ya mwaka 1996 ndiyo iliyotoa matokeo hayo, na ile ya mwaka 1999 ikalipa wazo hili maana ambayo hadi leo ndiyo inayotumika. Msimamizi wa wodi na akumbuke jambo hili kila anapolifungua daftari la matukio akalikuta tupu.

Kuna kutoelewana kunakopaswa kuondolewa mapema. Usalama wa kisaikolojia haumaanishi upole wa kupitiliza, wala kuachiana, wala kumtetea mtu anayechelewa zamu kila wiki. Wodi inaweza kuwa kali sana juu ya usafi wa mikono, juu ya kuhesabu vitambaa na vifaa kabla ya kufunga tumbo, juu ya kujaza partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, kwa wakati, na bado ikawa mahali ambapo mtu anasema bila kutetemeka. Tena, mambo hayo mawili huenda pamoja: viwango vya juu bila usalama huzaa watu wanaojaza partografu baada ya mama kujifungua, kwa wino mmoja na mwandiko mmoja kutoka juu hadi chini, ili ionekane ilijazwa.

Kuhusu heshima, najitenga kidogo na vitabu vya ng'ambo. Vingi hushauri watu waitane kwa majina yao ya kwanza ili ngazi zisawazike. Kwetu sisi, kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa wake shikamoo hawezi kuambiwa Jumatatu amwite daktari wa miaka 58 kwa jina tupu; ataona aibu, na aibu nayo hunyamazisha. Iacheni heshima ikae mahali pake, kisha mfundishe kwamba kumtahadharisha mkubwa ni sehemu ya kumheshimu. Anayemwona mkubwa wake akielekea shimoni akanyamaza hajamstahi.

Hatua ya kwanza: pima ukimya kabla ya kuuvunja

Usianze kwa hotuba, anza kwa kutazama. Kwa wiki mbili hudhuria ripoti ya asubuhi ukiwa na karatasi, na andika mambo matatu tu: nani kaongea, kaongea mara ngapi, na je, alianza mwenyewe au aliulizwa. Utaona picha ambayo huenda umeizoea hata huioni: madaktari kwenye viti vya mbele, madaktari tarajali pembeni wakiwa na madaftari, wauguzi nyuma karibu na mlango, na wahudumu wa afya nje kabisa, wanafagia. Angalia pia lugha. Mara nyingi ripoti husomwa kwa Kiingereza, na muuguzi wa ngazi ya cheti aliyekaa na mgonjwa usiku kucha husoma alichoandika neno kwa neno, kisha hukaa haraka asije akaulizwa swali la pili. Huyo ana habari ambazo hakuna mwingine chumbani anazo, nazo zinaishia kooni kwa sababu ya lugha.

Baada ya hapo waulize watu wenyewe, kwa siri ya kweli. Katika wodi ya watu 12 karatasi ya maswali haina siri, kwa kuwa kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake. Njia ninayoipenda haina gharama: weka makopo matano yaliyofunikwa, kila moja na swali lake, na karibu yake bakuli lenye punje za mahindi na maharage yaliyochanganywa; punje ya mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Maswali yawe ya mambo yanayotokea, kwa mfano: Nikikosea hapa, kosa hilo hutumiwa dhidi yangu baadaye? Naweza kumwambia daktari kwamba sijaelewa maelekezo yake? Katika mwezi uliopita, kuna jambo la hatari nililoliona nikanyamaza? Naweza kuomba msaada bila kuonekana sijui kazi? Nikitoa taarifa, huwa naambiwa kilichofanyika? Hesabu punje mbele ya watu wote na andika idadi ukutani. Hiyo ndiyo namba yenu ya kuanzia, na hairuhusiwi kubishaniwa.

Hatua ya pili: kiongozi atangulie kujifunua

Wahenga walisema mkubwa ni jaa, yaani kila taka hutupwa kwake naye akazipokea. Msimamizi anayetaka kuletewa habari mbaya hana budi kuukubali ujaa huo, na njia ya haraka ya kuonyesha ameukubali ni kuanza na taka zake mwenyewe.

Katika kikao cha kwanza simulia kosa moja ulilofanya, la kweli, lenye maelezo, na la hivi karibuni kiasi cha kuuma. Kosa la mwaka wa kwanza chuoni halifai, kwa kuwa linasema "zamani nilikuwa hivyo". Mimi niliwahi kuwasimulia wenzangu jinsi nilivyomsomea daktari kwa simu kiwango cha damu cha mgonjwa wa kitanda jirani, majina yao yakifanana herufi tatu za mwanzo, na kwamba aliyeniokoa ni mwanafunzi aliyekuwa amesimama nyuma yangu akaniuliza kwa sauti ndogo kama ndilo faili lenyewe. Niliwaambia pia kwamba siku ile sikumshukuru, nilimwambia tu, "Ndiyo, nimeona." Katika wiki iliyofuata watu wawili walikuja kunieleza ya kwao.

Pamoja na kukiri, kiongozi aseme wazi kwamba anawategemea wengine wamwangalie. Edmondson na mwenzake Ingrid Nembhard walichunguza vitengo 23 vya uangalizi maalumu wa watoto wachanga, na katika makala yao ya mwaka 2006 walionyesha kwamba pale ambapo viongozi kwa maneno na vitendo waliwaalika wengine kuchangia na wakathamini michango yao, pengo la ngazi kati ya madaktari na watumishi wengine lilipoteza sehemu ya nguvu yake ya kunyamazisha. Mwaliko huo uwe wa sentensi fupi inayorudiwa kila raundi: "Nimelala kwa muda wa saa tatu tu, naweza kupitwa na kitu, atakayeona jambo aniambie." Sentensi hiyo haimpunguzii daktari hadhi hata chembe. Inampa mdogo kibali ambacho anaweza kukirejea: wewe ndiye uliyesema nikuambie.

Hatua ya tatu: tenga nyakati ambazo kusema ni zamu ya mtu

Ujasiri huisha saa kumi alfajiri, wakati ratiba bado iko palepale. Kwa hiyo kusema kuingizwe kwenye ratiba, ili anayesema aonekane anatimiza wajibu.

Wakati wa kwanza ni makabidhiano ya zamu. Badilisha mpangilio ili ngazi ya chini itangulie: mhudumu wa afya, mwanafunzi, muuguzi, daktari tarajali, kisha daktari. Mkubwa akishatoa maoni yake, hakuna mdogo atakayeyapinga, na kwa kweli si haki kumtegemea afanye hivyo. Achana na swali "Kuna mwenye swali?", ambalo katika maisha yangu yote sijaliona likijibiwa. Uliza: "Usiku huu ni mgonjwa gani aliyekutia hofu, na kwa nini?" Swali la namna hiyo linachukulia kwamba hofu ipo, na mtu analijibu kama anavyojibu swali la presha. Liulizwe kwa Kiswahili, na likubaliwe kujibiwa kwa Kiswahili. Majina ya dawa na vipimo yabaki yalivyo.

Wakati wa pili ni kabla ya upasuaji, na hapa chombo kipo tayari. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina vipengele 19 katika vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara, mkoani Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwenye kituo cha pili kila aliye chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Wengi hukiruka kipengele hicho kwa kusema "sisi tunajuana". Kirudisheni. Mtu ambaye sauti yake imekwisha kusikika chumbani, hata kwa kutaja jina tu, hupata wepesi wa kuipaza mara ya pili. Na mwanafunzi aliyekaa saa mbili bila kutamka neno hataanza kutamka pale vitambaa vinapopungua kimoja.

Wakati wa tatu ni dakika tano baada ya dharura, mkiwa bado mmevaa glovu ikibidi. Maswali yawe matatu: nini kilikwenda vizuri, nini kilituchelewesha, na tunabadilisha nini kabla ya dharura ijayo. Msikae, maana kikao cha kukaa huwa kikao cha kutafuta mwenye kosa.

Hatua ya nne: wape maneno

Watu wengi hunyamaza kwa sababu sentensi ya kuanzia haipo. Wanajua cha kusema kwa mwenzao na kwa mgonjwa, ila kwa mkubwa anayekosea hawana msemo uliozoeleka, na matokeo yake hupitia pembeni, wakiashiria na kudokeza, au wakikileta kifaa karibu kwa matumaini kwamba kitaonekana chenyewe.

Nchini Uingereza, mwaka 2005, mama mmoja aliyekwenda kwa upasuaji mdogo wa pua aliishiwa hewa baada ya kupewa dawa ya usingizi, na madaktari wenye uzoefu mkubwa wakaendelea kujaribu kupitisha mpira kooni huku dakika zikienda. Muuguzi alileta vifaa vya kutoboa njia ya hewa shingoni na kusema viko tayari. Mwingine aliomba kitanda cha uangalizi maalumu, kisha akakifuta kwa sababu ya namna alivyotazamwa. Mama hakuzinduka, na alifariki siku 13 baadaye. Mumewe alikuwa rubani wa ndege za abiria, akashangaa kwamba wauguzi walijua kilichohitajika na bado hawakuwa na njia ya kukifanya kisikike. Wenzake angani walikuwa wamelipia somo hilo kwa gharama kubwa: tarehe 27 Machi 1977 huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa, baada ya fundi wa ndege aliyekuwa chumba cha marubani kuuliza kama njia iko wazi, rubani mkuu akajibu kwa mkato, na hakuna aliyeuliza tena.

Kwa hiyo fundisheni ngazi tatu za sauti, kwa maneno yasiyobadilika, mpaka kila mtu azijue kama anavyojua kunawa mikono. Ya kwanza: "Daktari, nina wasiwasi na mkojo wa mama huyu." Asipojibiwa: "Daktari, bado sijaridhika, naomba tuangalie pamoja." Na ya tatu: "Daktari, naomba tusimame, hili si salama." Kubalianeni kabla, kwenye kikao na si kwenye dharura, kwamba ngazi ya tatu ikitamkwa kazi inasimama, awe amesema bingwa au mfagiaji, na kwamba hakuna atakayeulizwa baadaye kwa nini alisimamisha. Tazameni neno "naomba" lilivyo na nguvu hapo. Linashika adabu yote bila kulegeza ujumbe.

Kwa simu, mpangilio unaofahamika kwa wengi ni ule wa hali, historia, tathmini na pendekezo. Mimi huufundisha kwa herufi H nne ili usisahaulike: hali, historia, hitimisho, haja. Mkunga wetu wa kitanda cha sita angesema hivi: "Daktari, mimi ni mkunga wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kifafa cha mimba, kitanda cha sita, ametoa mkojo mililita 60 tu tangu saa nne, na dozi ya magnesiamu ni saa nane. Aliingia jioni, dozi ya kuanzia alipewa yote, pumzi ni 18 na goti linastuka kwa udhaifu. Naona dawa inaweza kujikusanya mwilini. Naomba nisimpe dozi hii, na naomba uje umwone sasa." Hayo ni maneno ya nusu dakika. Angalia pia kisichokuwemo: "Samahani kwa kukuamsha." Samahani ya mwanzo humwambia daktari kwamba kinachofuata ni usumbufu, naye hukisikiliza kama usumbufu. Adabu ibaki kwenye "naomba", ambako inafanya kazi.

Zoezi la kuyasema haya lifanyike kwa sauti, watu wawili wawili, mara moja kwa wiki kwa dakika kumi, daktari akiigiza daktari mwenye hasira. Watacheka, na ni sawa. Maneno ambayo ulimi haujawahi kuyatamka hayaji saa nane usiku.

Hatua ya tano: lilinde jibu la kwanza

Kama ungeniruhusu kubaki na hatua moja tu kati ya hizi, ningebaki na hii. Hatua zote zilizotangulia humfikisha mdogo mlangoni, na kinachotokea sekunde tano baada ya kusema ndicho kinachoamua kama atasema tena, na kama wale watano waliokuwa wakisikiliza watawahi kusema.

Maneno ya kuua yanajulikana: "Kwani wewe ndiye daktari?" "Nani kakufundisha hivyo?" "Hilo tumeshalizungumza." Kuna na yasiyo maneno, ambayo ni mabaya zaidi kwa kuwa hayawezi kushtakiwa: kicheko kidogo cha puani, kumtazama mtu kutoka juu hadi chini, kugeukia faili bila kujibu. Jibu linalojenga lina vipande vitatu kwa mfuatano: shukrani, jambo lenyewe, na hatua. "Umefanya vizuri kuniamsha. Usimpe dozi. Weka kalsiamu glukoneti, ile ya kupinga magnesiamu, karibu, nakuja." Hata pale mdogo anapokuwa amekosea, shukrani itangulie na marekebisho yafuate: "Asante kwa kuangalia. Mililita 60 zile ni za saa moja, siyo nne, soma hapa. Wakati mwingine ukiona hivi niite tena." Simu kumi zisizo za lazima ni bei ndogo ya ile moja ya lazima, na daktari anayelalamika kuamshwa bure ajiulize kama mara ya mwisho alipoamshwa kwa haki alishukuru.

Na wewe msimamizi, utakosea. Umechoka, damu imeisha benki, ndugu wa mgonjwa wanapiga kelele mlangoni, na utamfokea mtu. Rekebisha siku hiyohiyo, na kama ulifoka mbele ya watu basi uombe radhi mbele ya watu. Radhi ya ofisini kwa jeraha la hadharani hairudishi kitu, kwa kuwa walioshuhudia hawakuisikia.

Hatua ya sita: kosa likishatokea

Hapa ndipo hospitali nyingi hubomoa kwa barua moja kilichojengwa kwa mwaka. Namaanisha barua ya kujieleza. Tukio limetokea usiku, asubuhi muuguzi anakabidhiwa barua akitakiwa aeleze ndani ya saa kadhaa kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu, na tangu saa hiyo hakuna atakayesema ukweli, kwa kuwa kila mtu sasa anaandika utetezi. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, mgonjwa asiyehusika alifunguliwa fuvu la kichwa baada ya utambulisho wa wagonjwa wawili kuchanganywa, na hatua za kwanza zilizosikika hadharani ziliwaangukia watumishi waliokuwa zamu. Adhabu ya namna hiyo hutuliza ghadhabu ya siku mbili, nayo haijibu swali ambalo wodi nyingine zote zilikuwa zinahitaji lijibiwe: utambulisho unachanganywaje, na ni milango mingapi ilipita bila kuulizwa?

Kabla ya barua yoyote kuandikwa, tenganisheni aina tatu za tendo. Kuna kuteleza kwa kibinadamu, kama kuchukua kichupa kilichofanana na kingine rafuni. Dawa yake ni kumfariji aliyeteleza na kuvitenganisha vichupa. Kuna njia ya mkato iliyokwisha kuwa mazoea ya wodi nzima, kama kutosoma jina la mgonjwa kwa sauti kwa sababu ya foleni. Dawa yake ni kuwarudisha watu kwenye utaratibu na kuuliza kwa nini utaratibu ulishindikana. Na kuna kudharau hatari kwa makusudi, kama kuja zamu umelewa. Hapo nidhamu ichukue mkondo wake bila huruma isiyo na mahali. Kipimo kizuri ni kuuliza: mtumishi mwingine wa ngazi ileile, usiku uleule, na wagonjwa walewale 40, angeweza kufanya hivyohivyo? Jibu likiwa ndiyo, tatizo halijakaa kwa mtu huyo.

Mapitio ya vifo vya akina mama na watoto wachanga yana kanuni iliyo wazi inayosisitizwa na Shirika la Afya Duniani, kwamba yafanyike bila majina, bila lawama na bila kuaibishana. Isimamieni kwa vitendo: futeni majina kwenye muhtasari kabla haujasomwa, na anayeongoza kikao amkatize kwa upole yeyote anayeuliza "zamu hiyo alikuwepo nani?" Mficha uchi hazai, walisema wakunga wa zamani kabla hatujawa na wodi, na wodi inayowavua watu nguo mbele ya wenzao itafichwa kila kitu.

Hatua ya saba: waliosahauliwa

Mhudumu wa afya anayebadilisha shuka ndiye wa kwanza kuona shuka limelowa damu kwa mara ya pili. Mlinzi anaona mgonjwa aliyedondoka getini. Ndugu aliyelala sakafuni anajua kwamba mgonjwa "leo si yeye". Hawa wapewe ngazi zilezile tatu za sauti, na wajue ni nani wa kumwambia. Mwanafunzi na daktari tarajali walioanza wiki hii waelezwe siku ya kwanza, na wapewe mtu mmoja, asiye mtathmini wao, wa kumwendea.

Hatua ya nane: funga mzunguko, kisha jiandae kwa namba mbaya

Taarifa isiyorudi huua taarifa inayofuata. Tundika ubao karibu na chumba cha wauguzi wenye safu tatu: tuliambiwa nini, tumefanya nini, lini. Andika hata pale jibu linapokuwa halipendezi, kama vile "Tuliomba mashine ya pili ya kufyonza, bajeti haijaruhusu, tutauliza tena Julai." Watu huvumilia jibu la hapana kuliko kimya. Andika pia matukio yaliyoponea chupuchupu, bila majina, kwa kuwa hayo hayana maiti wala mshtakiwa na ndiyo yanayozungumzika kwa wepesi. Anzeni nayo kabla ya kuyagusa makubwa.

Kila baada ya miezi mitatu rudisheni makopo na punje, na rudini na karatasi kwenye ripoti ya asubuhi kuhesabu nani anaongea. Mabadiliko ya kweli huonekana kwanza kwenye vitu vidogo: mwanafunzi anayeuliza swali la pili, mkunga anayesema "sijui, nisaidie" bila kushusha sauti, daktari anayejibu simu ya usiku kwa "niambie" badala ya "nini tena?"

Jambo la mwisho lifanyike kabla hamjaanza chochote kati ya haya. Mwendee mganga mfawidhi pamoja na muuguzi mkuu, mmweleze kwamba katika miezi ya mwanzo idadi ya makosa na matukio yaliyoandikwa kwenye wodi yenu itapanda, pengine mara mbili au tatu, na kwamba wodi jirani yenye daftari jeupe itaonekana bora kuliko yenu kwenye kikao cha robo mwaka. Mweleze kilichompata Edmondson na takwimu zake. Mwombe akubali, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba ongezeko hilo halitazaa barua ya kujieleza hata moja. Akikataa, anzeni na dakika tano za baada ya dharura, ambazo hazihitaji kibali cha mtu, na mrudi kwake baada ya miezi mitatu na kile mlichokibadilisha.